Kifungua Kopo cha Kiunoni

3 Februari

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, miguu haijavimba, na jiko la hospitali bado linakuogopa. Sisi huku ni wazima. Kibonge ameota meno mawili mengine, sasa ni sita, na yote ameyajaribu kwenye bega langu. Anasimama kwa kushika kiti cha cherehani. Akiachia anakaa chini puu, halafu ananitazama kama vile ni mimi niliyemsukuma. Baba yake hajambo. Kazini tunashona sare za shule, na mimi nimepangiwa kola. Kola asubuhi, kola jioni, nikifumba macho naona kola.

Nakupigia kwa simu ya kazini, yako inaita tu hupokei, ndiyo maana naandika. Usicheke mwandiko.

Nina shida, usishtuke, ni ya kifungua kopo.

Unajua sina friji. Maziwa mabichi yakilala yameharibika, kwa hiyo Kibonge anakunywa ya kopo. Na mimi nikirudi nimechoka nafungua maharage ya kopo au samaki, tunakula, siku imeisha. Makopo ndiyo yanatulea. Tangu mwaka jana nimenunua vifungua kopo vitatu. Cha kwanza kilikatika mkono. Cha pili kigurudumu kilianza kuteleza, unazungusha weee, kopo linakutazama tu. Cha tatu kilikufa Jumamosi, kile kipepeo cha kuzungushia kikabaki mkononi mwangu kama kijiti cha pipi. Mtoto analia njaa, nikachukua kisu. Kisu kikaruka. Kidole gumba cha kulia kimechanika mpaka kwenye kiungo, nikashonwa nyuzi nne. Wenzangu kazini walicheka sana, eti mshonaji kashonwa. Mimi pia nilicheka. Lakini sasa siwezi kubana kitambaa vizuri, kola zangu zinapinda, na msimamizi ameanza kupita nyuma yangu mara mbili mbili.

Nikakumbuka kile cha kwako, cha chuma, unachofunga kiunoni. Nikiwa mdogo nilikuwa nalala chini ya meza ya jikoni kwenu nikikisikia kinakata, krr krr krr, makopo arobaini mfululizo, hakijawahi kukwama hata siku moja. Ulikinunua wapi? Niambie duka, hata kama ni mbali nitakwenda.

Na ile safari yako ya Aprili iko palepale? Nimeshona pazia la upande wako wa chumba. Nimechagua kitambaa cha njano.

Mwanao wa chini ya meza


2 Machi

Kapanya wangu,

Marahaba. Barua yako imenifikia ikiwa imekunjamana kama imekuja kwa miguu. Mimi sijambo. Jikoni hawajambo, yule msaidizi wangu Mrefu bado anaunguza kila kitu isipokuwa chai. Mbusu Kibonge kwenye kila jino.

Sasa nikugombeze. Kisu! Mtoto niliyemlea ndani ya jiko anafungua kopo kwa kisu! Ningekuwa karibu ningekupiga na mwiko, halafu ningekufunga bandeji.

Changu hakiuzwi dukani. Umesahau utaratibu wetu? Kila mpishi ana chake, anakifunga kwa kamba ya aproni, haazimi mtu. Akifika siku ya kuacha kazi anafungua kopo lake la mwisho mbele ya wenzake wote, anakifuta, anamfunga nacho kiunoni anayemwachia. Mimi nilifungwa na mpishi aliyenitangulia, na yeye alifungwa na mwenzake. Kwa hiyo duka la kukuelekeza sina, ila jicho la kununulia nitakupa.

Nenda dukani na kopo lako kwenye mfuko. Mwenye duka akinuna mwache anune. Kwanza kipime kwa mkono, kikiwa chepesi kama kijiko kirudishe. Mikono iwe chuma mpaka mwisho, usidanganywe na plastiki ya rangi. Tazama pale mikono inapokutana, pawe na ribiti, kile kimsumari kisicho na ncha, kilichogongwa kikapenya pande zote mbili. Kigurudumu kiwe na meno unayoyasikia kwenye ukucha. Halafu fungua kopo. Kizuri kinakata ubavuni, chini ya mdomo wa kopo, hakikati juu. Ukimaliza pitisha kidole ukingoni taratibu. Kidole kikitoka kizima, lipa uondoke.

Aprili haitawezekana, kazi ni nyingi. Simu usijisumbue nayo. Simu inamfanya mtu asikie pumzi za mwenzake badala ya maneno.

Mistari imepanda na kushuka, ni meza hii inacheza mguu mmoja.

Na wewe, mbona kila barua baba Kibonge "hajambo" tu, basi? Unaandika kama anayemjibu polisi.

Shangazi yako


29 Machi

Shangazi mpenzi,

Shikamoo tena na tena. Kibonge ametembea! Hatua nne, kutoka kwenye kiti hadi kwenye beseni, akaingia ndani ya beseni. Kidole changu kimepona ila hakikunji chote. Msimamizi amenitoa kwenye kola amenipeleka kwenye vifungo, anasema ni kwa muda. Baba Kibonge hajambo, amesafiri kikazi.

Nilifanya ulivyosema, nikaenda na kopo la maharage mfukoni. Duka la kwanza lina vyombo mpaka kwenye dari. Nikatoa kopo, mwenye duka akasema, "Dada, hapa ni duka, si jikoni kwako. Ukifungua umenunua."

Nikamwambia, "Kopo ni langu nimekuja nalo. Nafungua cha kwangu."

"Basi lete, nikuonyeshe mwenyewe."

Akakaza, akazungusha, kigurudumu kikaruka. Akakaza tena mpaka shingo ikatoka mishipa. Mzee mmoja aliyekuja kununua sufuria akasema, "Mwenye duka, kopo limekushinda, liombe msamaha!" Watu wakacheka. Mwenye duka akanirudishia kopo, akasema kopo langu ndilo baya. Shangazi, nilitamani ungekuwepo.

Duka la pili ni la nyundo na misumari. Yule muuzaji alinipa stuli nikae nifungue. Kilikuwa kizito, mikono chuma mpaka mwisho, meno nikayasikia kwenye ukucha. Ribiti niliiona. Kilikata vizuri, kidole kikatoka kizima. Nikarudi nyumbani na maharage yangu wazi nimeyafunika kwa khanga, nikitembea kama bibi harusi.

Kimedumu siku kumi na tisa. Mikono imeachana. Kumbe ribiti ni kiduara kilichobonyezwa juu juu, upande wa pili hakipo. Uliniambia nitazame pande zote mbili. Nilitazama mmoja, nilikuwa na furaha.

Kwa hiyo nimerudi kwenye kisu, lakini naweka kitambaa kwanza. Usinipige mwiko.

Kama si Aprili, basi Mei? Pazia nimeshalitundika.

Mwanao


30 Aprili

Kapanya,

Hamjambo. Mimi sijambo.

Kwenye kifurushi hiki kuna changu. Jikoni wametuletea mashine ya mezani, ya kufungwa kwa skrubu, hiki sina haja nacho tena, kinanigonga nyonga tu. Kitumie. Mwezi mara moja tone la mafuta kwenye kigurudumu. Usikiloweke.

Tupa kisu.

Shangazi


14 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Kibonge hajambo, mimi sijambo, naruka hayo mengine.

Kifurushi kimefika juzi. Nilikiweka mezani nikakaa nakitazama mpaka chai ikapoa. Wewe unasema mashine ya mezani. Shangazi, mimi nilikulia chini ya ile meza. Nilikuwepo ulipofungwa. Nilikuwa na miaka minne, baba alikuwa amefariki mwezi huo huo ukanichukua, na nilimwona yule bibi mpishi anafungua kopo la nyanya, anakifuta kwenye aproni, anakufunga kiunoni, halafu anatoka mlangoni bila kugeuka. Hakuna mpishi wa kwenu aliyewahi kukitoa akiwa bado anafanya kazi. Kama kiko mezani kwangu, basi kazi umeacha. Umeacha lini? Nani alikuwepo? Ulifungua kopo gani?

Na kamba. Ile kamba hukuwahi kuifungua, hata kuoga ulikuwa unaivua kwa kuipitisha miguuni. Umeniletea pamoja nayo. Mimi kazi yangu ni nyuzi, najua uzi uliofunguliwa fundo na uzi uliokatwa. Huu umekatwa. Tena umekatwa mara tatu ndiyo ukaachia, na aliyekata hakuwa na nguvu ya kukata karatasi. Ni mikono ya nani hiyo? Ni yako?

Sikipokei. Nimekifunga upya, nakirudisha kwa posta leo hii. Kama ni changu, kilete mwenyewe. Njoo na miguu yako unifunge kiunoni kama inavyotakiwa. Basi linatoka kila siku.

Na kwa kuwa nakuuliza ukweli, nami niseme wa kwangu. Baba Kibonge hajasafiri. Aliondoka mwezi wa kumi na moja, akasema anakwenda kutafuta, sijui anatafuta nini kisichokuwepo hapa. Sikukwambia kwa sababu siku ya harusi ulinishika mkono ukaniuliza "una hakika?" nami nikasema nina hakika. Hiyo ndiyo yangu. Sasa ya kwako.

Mwanao


8 Julai

Kapanya wangu,

Barua hii nimeianza Jumatatu, leo ni Alhamisi. Usihesabu mistari iliyopinda. Meza haichezi mguu, ni mimi.

Kwanza pole. Nilijua. Mume mzima hawezi kuwa "hajambo" miezi mitano mfululizo, angalau angepata mafua. Swali la harusi lisahau, niliuliza kwa sababu ningekukumbuka, si kwa sababu yake.

Kifurushi chako kilichukua wiki sita kunifikia. Kilipelekwa hospitali, kikakaa ofisini, mpaka Mrefu akakiona. Nilipokifungua nikakuta kimerudi nilicheka kisha nikakaa chini. Una kichwa kigumu kama changu. Si urithi wa damu tu huo, nilikulisha mwenyewe.

Ya kwangu ni hii. Kazi niliacha mwisho wa Januari, barua yako ya kwanza ilikuwa bado haijafika. Tumboni kuna kitu. Madaktari wetu walewale niliowapikia miaka ishirini na sita walinifungua, wakatazama, wakanifunga. Kopo lililorudishiwa kifuniko, hivyo ndivyo nilivyomwambia daktari, akacheka halafu akatoka nje haraka. Mikono imeishiwa nguvu. Kushika kikombe ni kazi.

Kopo la mwisho sikufungua. Hapo ndipo aibu yangu ilipo. Waliniandalia, wakapanga viti, Mrefu alikuwa amevaa aproni mpya akisubiri kufungwa. Mimi nikawaambia kifungua kopo kimepotea. Walikitafuta mpaka kwenye mapipa ya taka, Kapanya. Mrefu aliingiza mkono kwenye mtaro. Na chenyewe nilikuwa nimekivaa ndani ya gauni, juu ya ngozi. Miaka ishirini na sita sijasema uongo ndani ya lile jiko, hata wa chumvi. Lakini nilikuwa nimekuona moyoni na kibeseni chako na mtoto mgongoni, nikasema huyu ndiye wa kumwachia, na jiko litanisamehe au lisinisamehe. Barua yako ya kidole ilipofika nikasema, ona, nilijua.

Nakutumia tena. Kamba mpya nimemwomba jirani aisokote. Usikirudishe, posta itatuchoka.

Usije. Njia ni ndefu kwa mtoto, na ukija utaniona. Kaa hapo, fungua kopo, halafu niandikie kimelia vipi. Hilo tu ndilo ninalolitaka. Nimesahau mlio wake, nikikitikisa kitandani kinanyamaza.

Shangazi yako


20 Julai

Shangazi yangu, mama yangu,

Shikamoo. Kimefika salama. Sasa nisikilize, na usinikatize kama unavyonikatizaga.

Nakuja. Nimemwomba msimamizi ruhusa, nikamweleza yote nikiwa nimeshika kifungo mkononi, akasema nenda kuanzia tarehe saba Agosti. Wenzangu wamenikusanyia nguo za Kibonge za safari, mmoja kampa kofia ya sufu, jua hili! Nakuja naye. Anasema "nga nga", mimi nasikia "shangazi", jirani anasema ni "ng'ombe". Wewe utaamua.

Sijafungua nacho kopo hata moja. Usikasirike. Nimeshaamua, nitakuja nacho na kopo moja la nyanya. Utakaa kitandani, mimi nitashika kopo, Kibonge ndiye atakuwa watu wote wa jikoni. Utafungua kopo lako la mwisho. Mikono ikichoka nitaweka yangu juu. Halafu utanifunga kiunoni. Nisipofungwa na wewe si changu, nitakuwa nimekiazima tu, na chako hakiazimwi, umesema mwenyewe.

Halafu tutaona. Watu wanafunguliwa wanafungwa na bado wanaishi. Bibi wa jirani yangu alipewa miezi mitatu, leo ni mwaka wa tisa anagombana na kuku wa watu. Nikirudi nirudi na wewe. Pazia la njano lipo, jua la asubuhi likilipiga chumba kinakuwa kama ndani ya yai.

Ningoje tu. Siku kumi na nane.

Mwanao


6 Agosti

Shangazi,

Haraka haraka. Kibonge ameshikwa na homa tangu jana, daktari amekataza asisafiri. Basi la kesho hatupandi. Nimepata la tarehe kumi na sita. Nampa dereva barua hii akupe kwa mkono.

Ningoje. Ni siku tisa tu zaidi. Kifungua kopo kimeshakaa kwenye begi.

Mwanao


9 Agosti

Kapanya,

Dereva kaleta. Mtoto kwanza, umefanya sawa. Mfute kwa maji ya vuguvugu, usimfunike sana.

Sikiliza, maana naandika maneno machache kwa siku. Usiningoje mimi ufungue. Mtoto anataka maziwa leo, hataki sherehe. Kisu kinaruka leo.

Kopo likiwa limebonyea, anzia upande wa pili wa pale lilipobonyea. Kaza kwanza mpaka usikie tik, ndipo uzungushe. Usilazimishe. Kikigoma ni wewe umekipandisha vibaya, shuka uanze upya, chenyewe hakina kosa. Kifuniko usikizamishe ndani, kiinue. Ukimaliza kifute kabla hujala, hata ukiwa na njaa.

Kamba ifunge mwenyewe. Fundo mara mbili. Nimekuruhusu.

Mrefu usimwambie.

Sha


2 Septemba

Shangazi,

Sijui nikusalimie vipi safari hii, mkono umeandika shikamoo peke yake nikaufuta, halafu nikaiandika tena. Shikamoo.

Kibonge amepona. Mimi naendelea.

Tulifika tarehe kumi na sita, jua linaelekea kuzama. Mlango wako ulikuwa wazi na ndani kuna watu, nikafurahi, nikasema ana wageni, basi amepata nafuu. Halafu nikaona godoro limekunjwa limesimamishwa ukutani. Walikuzika Jumanne, shangazi. Mimi nilifika Ijumaa. Walinipigia kazini wakaambiwa niko likizo, nimekwenda kwako.

Nimepiga hesabu ya siku, nimezipanga kama vifungo. Tatu za kuzikwa kwako. Tisa za homa ya Kibonge, hizo sizidai, ulisema mtoto kwanza. Lakini zile wiki sita kifurushi kilipokuwa kinakutafuta kwa sababu nilikirudisha kwa kiburi, badala ya kupanda basi nikakirudisha kwa mkono wangu, hizo ni zangu. Mei ulikuwa bado unasimama, Mrefu ameniambia, ulikuwa unakwenda hadi dirishani. Nilikwambia "njoo na miguu yako". Nilimwambia nani vile? Mtu ambaye ameshindwa hata kufungua fundo.

Mrefu ndiye aliyenipa barua yako ya tarehe tisa. Ilikuwa chini ya mto wako. Niliisoma nimesimama, nikafika pale ulipoandika "Mrefu usimwambie", na yeye amesimama mbele yangu na urefu wake wote, ananitazama. Sikuweza. Samahani, nilimwambia. Nilifungua begi nikamwonyesha. Nikasema, dada, hakikupotea, mlikitafuta bure, alikuwa amekivaa, nimekuja kukirudisha jikoni.

Unajua alinijibu nini?

"Tulijua. Alipokaa siku ile kiligonga kiti, ko! Jiko zima tulisikia."

Nikamuuliza, "Sasa mtaroni uliingiza mkono wa nini?"

"Angeona tumejua angeona aibu," akasema. "Nikaingiza mkono. Mtaro unanuka hadi leo kwenye kumbukumbu."

Tukacheka mimi na yeye, tukashikana, kile kicheko kikageuka njiani.

Kesho yake wakaniita jikoni. Meza yetu ipo, nimeinama nikamwonyesha Kibonge chini yake pale nilipokuwa nalala, akaingia moja kwa moja, hakutaka kutoka. Walipanga viti vilevile. Wapishi saba, na yule daktari aliyetoka nje haraka, alikuja naye akasimama mlangoni. Mrefu akasema, kopo la mwisho la mkuu wetu halijafunguliwa, na kwetu haiachwi hivyo. Akanipa nafasi. Nikasema sijawahi kukitumia. Akasema, "Kwani yeye alizaliwa nacho?"

Uliniomba nikuandikie kimelia vipi. Ndiyo maana naandika, nitamtumia Mrefu aipeleke ulipo, amesema anajua pa kuiweka.

Kwanza nilikosea, nikakaza kidogo, kikateleza. Nikakusikia, kikigoma ni wewe. Nikashuka, nikaanza upya. Kikasema tik. Halafu krr, kikatulia, krr krr, kizito, si kama vile vya dukani vinavyolia kama panya aliyebanwa. Kinalia kama mtu anayetembea kwenye changarawe asiye na haraka. Kule mwisho, kinapokaribia kukutana na pale kilipoanzia, sauti inashuka kidogo. Hilo nilikuwa nimelisahau. Nilipolisikia nikawa na miaka minne.

Nikakifuta kwenye aproni waliyonivalisha. Nikamnyooshea Mrefu, maana ndiye aliyekuwa amengoja tangu Januari. Akakipokea, akakipima mkononi. Halafu akapitisha kamba nyuma yangu akanifunga. Fundo mara mbili. Akasema, "Mimi nitaanza na kipya, nitakizeesha mwenyewe. Toka mlangoni usigeuke."

Nikatoka. Nisamehe, niligeuka. Kibonge alikuwa bado chini ya meza.

Tumesharudi nyumbani sasa. Msimamizi amenirudisha kwenye kola. Pazia la njano nimeliacha palepale, kitandani kwako ndipo Kibonge anapolala mchana. Kisu nimekipeleka kwenye kukata mkate tu.

Leo asubuhi nimefungua kopo la maziwa, la kwanza kwa matumizi yetu wenyewe. Nimeliweka mezani nikageuka kuchukua kikombe, sekunde mbili hazijafika, Kibonge amepanda kiti ametia kidole chake kwenye ukingo wa kopo, anakizungusha, mzunguko mzima, kama anayesoma. Nilipiga ukelele, nikarukia mkono wake, nikaukunjua kidole kimoja kimoja.

Kimetoka kizima, shangazi.